Bastola Niliyoinunua kwa Hasira

Mtu wa kwanza kuniambia ninunue bastola ya ishirini na mbili, ile ya risasi ndogo kabisa, aliyasema hayo bila kunitazama. Alikuwa mzee wa klabu yetu ya kulenga shabaha, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyepewa kazi ya kutufundisha sisi wapya, na wakati huo alikuwa ameinama akifagia maganda ya risasi. Alisema mwanamke mwenye mikono kama yangu aanze na ishirini na mbili na abaki hapo hapo. Neno hilo la kubaki ndilo lililonichoma. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Mikono hiyo hiyo huwageuza wanaume wazito kitandani zamu nzima, na hakuna aliyewahi kuipima kwa macho akaiona midogo. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Akasema hakuna cha kufikiria, akaendelea kufagia.

Nilizaliwa Nakuru. Hapa Toongabbie, ughaibuni, nimekaa miaka kumi na moja, na mume wangu ni Mkongomani wa Kivu aliyeletwa huku kama mkimbizi kabla hatujajuana. Anafanya kazi kwenye ghala upande wa Mount Druitt, na huko huko ndiko kanisa letu liliko. Kwenye mambo ya shabaha niliingia kupitia mfanyakazi mwenzangu, aliyenialika klabuni kwao siku ya wageni. Nilikwenda kwa kumridhisha tu. Kilichonirudisha Jumamosi iliyofuata ni utulivu. Kazini kila mtu ananiita, kengele zinaniita, simu inaniita. Pale, ukishavaa vikinga masikio na kuinua mkono, hakuna anayekuita tena. Kuna pumzi yako na kile kiduara cheusi.

Hapa huwezi kununua bastola kwa sababu unaogopa wezi. Ukitoa sababu hiyo kwa polisi umejinyima leseni kwa mdomo wako mwenyewe. Unakuwa mwanachama wa klabu, unahudhuria miezi na miezi, unachunguzwa, unafunga sefu ya chuma nyumbani, kisha unaomba kibali cha bastola yenyewe. Muda wote huo nilitumia bastola za klabu, ndogo na kubwa. Ile ya ishirini na mbili ina risasi nyembamba kama kijiti cha sikio, haina kelele nyingi, na unaweza kuipiga asubuhi nzima mkono usichoke. Ya milimita tisa hupiga teke, na mshindo wake unausikia kifuani. Nilikuwa napata alama nzuri zaidi kwa ile ndogo. Nilijua hivyo kabla ya mtu yeyote kuniambia, na naliandika hili mapema ili nisije nikajifanya nilidanganywa.

Mume wangu alivumilia mradi mambo yalikuwa ni karatasi. Nadhani alitarajia nichoke. Siku fundi alipokuja kuikaza sefu kwa boliti ndani ya kabati la chumba chetu, mume wangu alisimama mlangoni akamwangalia akitoboa ukuta, na fundi alipoondoka akachukua mito yake akaihamishia sebuleni. Hakunieleza. Na mimi sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa nimekasirika kwamba anaamua mambo ya nyumba kwa kuhama chumba.

Wiki moja baadaye nilikuwa mezani najaza fomu ya kibali. Ilikuwa mchana, jua limejaa jikoni, na binti yetu alikuwa shuleni. Mume wangu aliketi mbele yangu akauliza naandika nini hapo. Nikamwambia bado sijaamua kati ya ishirini na mbili na tisa. Nilimwambia pia, kwa sauti ya kumtuliza mtoto, kwamba ile ya kwanza ni ndogo sana, karibu ni kitu cha kuchezea.

Kisha akasema, "Mama, minaijua ile ndogo."

Akanieleza jambo ambalo katika ndoa yetu yote hakuwa amelitaja. Baba yake mdogo alipigwa risasi ndogo kama hiyo tumboni, barabarani, na watu aliokuwa anawajua. Risasi iliingia na haikutoka. Kitundu chenyewe kilikuwa kidogo hata walikitafuta kwa kurunzi kati ya damu. Hapakuwa na daktari. Mume wangu ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho, siku nne, akimfukuzia nzi.

"Kubwa inaua haraka," akasema. "Ndogo inakutesa kwanza. Usiniambie ni ya kuchezea."

Mke mwema angeiweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nimehesabu wiki nzima ya mito sebuleni, na miezi kadhaa ya yule mzee wa klabu kuitazama mikono yangu, na yote yalinijia kwa pamoja. Nikamtazama mume wangu machoni nikamwambia, "Basi nitanunua kubwa. Si umesema inaua haraka?"

Niliiona sura yake ikibadilika. Hakunitukana, na wala hakupandisha sauti. Alisimama, akaosha kikombe chake, akatoka nje akaanza kukata majani ya nyuma ya nyumba ambayo alikuwa ameyakata siku mbili kabla. Nami nikaandika milimita tisa kwa herufi kubwa.

Kibali kilipotoka nilikwenda dukani peke yangu. Muuzaji, mtu mnene mwenye miwani kichwani, aliniuliza kama mume wangu bado anaegesha gari. Nikamwekea leseni mezani, nikaigonga kwa ukucha penye picha yangu. Akaomba radhi kwa namna ambayo haikuwa radhi. Hata hivyo alikuwa anaijua kazi yake. Alisema wengi wanaoanza na ya tisa hurudi kutaka kubadilisha, akaniuliza nitashindana mashindano gani, mkono wangu una nguvu kiasi gani, na kama nimewahi kupiga risasi mia mfululizo na ukubwa huo. Yalikuwa maswali ya maana. Nikamwambia mimi si wengi, na kwamba sikuja kufanyiwa usaili. Akaleta karatasi za kusaini.

Basi nikawa na bastola yangu, nyeusi, nzito, nzuri kuitazama, na Jumamosi ya kwanza nikaanza kuharibika.

Alama zangu zilishuka tangu siku hiyo. Risasi zilikuwa zinatua chini na kushoto, chini na kushoto, kila wiki. Nililaumu shabaha, nikalaumu upepo, nikalaumu zamu. Kifundo cha mkono kilianza kuuma, na kazini nikaanza kuwageuza wazee kwa mkono mmoja na kiwiko. Yule mzee wa klabu hakusema chochote. Alikuwa anasimama nyuma yangu mikono amekunja, na kule kunyamaza kwake nilikuchukia kuliko maneno.

Mwezi wa tatu aliniomba magazini yangu, kile kisanduku cha risasi, akageuka, akaijaza mwenyewe, akanirudishia. Sikujua kwamba kati ya risasi za kweli alikuwa amechanganya moja ya plastiki, isiyolipuka. Nikapiga mbili, nikavuta kwa mara ya tatu. Bastola ikalia tu kama kufuli. Lakini mkono wangu uliruka chini kama mtu aliyechomwa na kitu, macho nimeyafumba, na mdomo nimeubana. Hapakuwa na mshindo wowote. Niliuogopa mshindo ambao haukuja, na wanaume wanne waliokuwa kwenye mstari waliona.

"Unaiogopa," akasema yule mzee. "Mtu akiogopa, halengi."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke, nipate mtu wa kumgombeza. Nilifungasha vitu vyangu nikaenda garini, nikakaa humo vioo nimefunga, nikimtukana yule mzee kwa Kiswahili na kwa Kikuyu hadi nikaishiwa. Nilipoishiwa, lilibaki jambo moja ambalo sikuweza kumtupia yeye. Sikuichagua ile bastola kwa sababu ya shabaha. Niliichagua ili niwaudhi watu wawili, na mmoja wao alikuwa amenipa kilio cha maisha yake, nami nikakigeuza kuwa rungu.

Niliirudisha dukani mwezi uliofuata, baada ya karatasi nyingine na kungoja kwingine. Yule mnene mwenye miwani alinitambua. Nampa haki yake, hakunikumbusha alichoniambia. Nikachukua ya ishirini na mbili, yenye mtutu mrefu na kishikio cha mbao, na nilipoishika tu mkononi nikajua ni yangu.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba ile kubwa imeondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba fupi. Alikuwa anakunja nguo. Akauliza imeondoka wapi, nami nikamwambia nimebadilisha, nimechukua ndogo. Alikunja shati, akaliweka juu ya mengine.

"Umeleta ile ya baba mudogo," akasema.

Hotuba yangu ikafia hapo. Nilikuwa nimefikiria alama zangu, mkono wangu, aibu yangu klabuni, na njia yote ile ya kurudi nyumbani sikuwa nimemfikiria yule mtu aliyekufa kwa siku nne.

Wapo watakaouliza kwa nini sikuiacha kabisa. Binti yetu aliniuliza, kwa Kiingereza, kama anavyosema mambo yote. Nilimwambia ukweli, kwamba ile Jumamosi ndiyo pekee katika wiki ambayo ni yangu, na kwamba siko tayari kuitoa. Akasema baba yake naye ana vitu ambavyo hayuko tayari kuvitoa. Akarudi chumbani kwake.

Sasa napiga vizuri. Yule mzee huniandikia alama na kunisukumia karatasi, nami huichukua bila asante. Hatupendani. Ufunguo wa sefu ulipo najua mimi peke yangu, kwa sheria, na mume wangu amesema hata bila sheria asingetaka kujua. Mito yake imerudi chumbani, lakini analala ameupa mgongo upande wa kabati.

Jumapili moja tulipokuwa tunarudi kutoka kanisani, mimi nikiendesha, nilimwambia kwamba maneno niliyomwambia siku ile mezani yalikuwa mabaya, na kwamba nilijua ni mabaya wakati nayasema. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniomba nisimamishe gari karibu na stesheni ya kwetu. Nikasimamisha. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akatembea kwa miguu sehemu iliyobaki. Nilifika nyumbani kabla yake, nikapakua chakula. Aliingia, akanawa mikono, akaketi mbele yangu, akala.