Kicheko Kwenye Msiba wa Mfinyanzi

Kwa miaka minne sasa, kila Jumamosi alasiri, nimekuwa mchuuzi wa chumvi. Siku nyingine za juma ninafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Singida, na nyumbani Unyambwa nina shamba dogo la alizeti na kuku wachache. Lakini Jumamosi, baada ya kufua na kula, huketi barazani na simu yangu nikaingia katika nchi isiyokuwamo kwenye ramani yoyote. Nchi hiyo tumeibuni wenyewe, watu ishirini na kitu tulio katika kundi moja la mtandaoni. Kila mmoja wetu ana mhusika wake, na mchezo wenyewe ni kuandika. Mimi huandika anachosema na kutenda mchuuzi wangu, mwenzangu huandika cha mhusika wake, na hadithi husonga kwa kujibizana. Wahusika wakipigana, mwanzilishi wa mchezo, fundi wa kompyuta anayeishi Dodoma, hurusha dadu mbele ya wote, na dadu ndiyo huamua.

Mwanzoni hatukuwa na kanuni. Wahusika waliuawa wakati wenye nao wakiwa kazini, na mchezaji mmoja aliingia kundini akakuta ngome aliyoijenga kwa miezi mingi imekwisha kuchomwa moto. Wachezaji watatu walipoondoka kwa hasira, mwanzilishi aliniomba niandike kanuni za kugombana kwa haki. "Madam," alisema, "wewe umezoea kusahihisha." Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Mhusika asiuawe bila ridhaa ya mwenye naye. Asishambuliwe mtu ambaye hayupo mtandaoni. Na kanuni ya tatu, niliyoipenda kuliko zote: usiandike matendo ya mhusika wa mwenzako. Unaweza kuandika kwamba umerusha mkuki, lakini kama umempata au hukumpata, hilo si lako kuliandika. Mchezo ukatulia, mwanzilishi akanipa usimamizi wa kundi pamoja naye, nami nikajivuna kimyakimya, kama mwalimu anavyojivunia darasa lisilopiga kelele.

Mfinyanzi alijiunga mwaka uliopita. Mchezaji aliyekuwa akimwandika alikuwa mwanamke ambaye bado hajafika miaka thelathini, mshonaji wa nguo katika mji mmoja wa pwani. Aliandika taratibu na kwa uangalifu. Vyungu vyake tuliviona, na moshi wa tanuri lake tuliunusa. Siku ya kujitambulisha alitaja kwamba baba yake ni Msukuma. Sisi Wanyaturu tumelelewa tukiwajua Wasukuma kuwa watani, kwa hiyo nikamjibu palepale: "Kumbe ni mtani wangu. Jiandae, dada, chumvi yangu haina huruma." Akanirudishia emoji ya kucheka. Niliichukua emoji ile kama mkataba uliotiwa saini.

Mwezi wa tano, mume wa mfinyanzi alifariki katika hadithi. Mwenyewe ndiye aliyepanga iwe hivyo, na alitutangazia wiki mbili kabla kwamba angeandika maziko Jumamosi fulani, na anayetaka kuja aje. Jumamosi hiyo nilikuwa nimechangamka. Alipofikia kuandika jeneza likitolewa nje, mimi nilimwingiza mchuuzi wangu kwa kelele. Mchuuzi alipita katikati ya waombolezaji, akashuka kaburini, akajinyoosha chali na kutangaza kwamba hatoki mpaka mjane ampe mbuzi, kwa kuwa marehemu alikuwa mvivu na kaburi hili lilimstahili zaidi mtu anayefanya kazi. Kundi zima likalipuka. Emoji za kucheka zilimiminika hata nikashindwa kuona maneno.

Mfinyanzi hakuandika kitu. Dakika ishirini zikapita, kisha thelathini. Kwetu, anayenyamaza mbele ya mtani huhesabiwa kuwa ameishiwa maneno, na waliopo humcheka zaidi. Basi nikamalizia mwenyewe. Niliandika kwamba mjane alikwenda zizini akitetemeka, akamfungua mbuzi na kumkabidhi mchuuzi kwa mikono miwili. Nikafunga simu nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilikwenda Mgori kumsaidia mama yangu kupura alizeti. Nyumbani kwake mtandao haufiki. Tulikaa uani tukipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, na siku ya pili nikamsimulia habari za mchezo, kwa Kinyaturu, nikiigiza sauti ya mchuuzi akiwa kaburini. Mama alicheka mwanzoni. Baadaye akaiweka fimbo chini.

"Huyo mwenye msiba mnajuana?"

"Tunajuana kwa simu, mama."

"Kaburi alichimba nani?"

"Mama, hiyo ni hadithi. Hakuna aliyechimba."

"Hata kwenye hadithi kaburi halijichimbi. Wewe ulichimba?"

"Hapana."

"Ulichota maji? Ulipika? Ulimwambia mjane akalale kidogo?"

"Nilifika watu wameshakusanyika."

"Basi hukuwa mtani," alisema, akaiokota tena fimbo yake. "Ulikuwa mtu aliyekwenda kucheka msibani."

Nimefundisha utani darasani. Nimewaeleza wanafunzi asili yake katika misafara ya biashara na katika mapatano ya watu waliowahi kupigana, nao wameandika yote kwenye madaftari yao. Sikumbuki kama niliwahi kuwaambia kwamba mtani hupewa ruhusa ya kuudhi kwa sababu ndiye aliyeubeba mzigo mzito wa siku ile. Mimi nilikuwa nimeichukua ruhusa na kuuacha mzigo.

Jioni nilipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya shule ya msingi, mahali ambapo watu wote wa kijiji hicho husimama wanapotaka kupiga simu. Ujumbe ukaanza kuingia. Wa mfinyanzi ulikuwa mfupi, ameuandika kwa kundi zima: "Nawaaga wote. Mfinyanzi amehama, msimtafute. Asanteni." Ilikuwa imepita siku moja tangu auandike. Chini yake watu walikuwa wamegombana kurasa kwa kurasa. Nikampigia mwanzilishi.

"Madam, umeona mwenyewe?" aliuliza.

"Nimeona."

"Watu wamegawanyika. Wengine wanasema hajui utani, wengine wanasema umemdhalilisha. Mimi naona tumwandikie tu kwamba ulikuwa mzaha, yaishe. Lakini kanuni ni zako, wewe ndiye uamue."

"Kanuni ya tatu inasemaje?"

"Ile ya kuandika matendo ya mwenzako?"

"Niliandika kwamba amenipa mbuzi. Hakunipa. Hakuwa ameandika hata neno moja."

"Mbuzi wa hadithi, Madam."

"Na msiba wa hadithi. Hatuna kingine tunachochezea pale. Niondoe kwenye usimamizi, uandike kundini kwamba nimevunja kanuni ya tatu."

"Utajiaibisha bure. Nusu ya watu wako upande wako."

"Andika hivyo hivyo."

Aliandika. Nilisimama pale juu ya jiwe nikalisoma tangazo, na sitaficha kwamba uso ulinichoma. Kisha nikamwandikia mshonaji faraghani, nikimwomba ruhusa ya kumpigia simu. Nilijua kwamba akikataa ameondoka moja kwa moja, na kwamba mtu anayeandika vile, akifukuzwa na kicheko mara moja, huenda asiandike tena popote. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: "Kesho saa nne."

Kesho yake saa nne nilikuwa juu ya jiwe. Aliniamkia, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu tu. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimekupigia kukuomba radhi. Sina maelezo."

"Maelezo unayo. Kule wanasema ni utani."

"Nilidhani ni utani. Haukuwa utani."

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikinguruma. Ikanyamaza.

"Watu wanadhani niliishiwa maneno," alisema. "Sikuishiwa. Baba alifariki mwezi wa tatu. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo siku zote tatu nilikuwa natafuta mikeka, napokea wageni, naulizwa sahani ziko wapi. Sikulia. Nikasema mume wa mfinyanzi nitamzika polepole, nilie hapo hapo. Nilikuwa nimebakiza aya sita. Halafu wewe ukalala kaburini."

Niliketi juu ya jiwe, simu ikiwa sikioni. Yeye ndiye aliyeendelea.

"Hao watani wa kweli wanafanya nini msibani? Baba alizoea kusema siku yake wangekuja. Hawakuja. Hatukujua hata wa kumwita ni nani."

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu maziko ya babu yangu, watani walivyofika kabla ya jua kupanda wakiwa na majembe, walivyochimba, walivyochota maji na kuwasha moto, wakamwondoa bibi jikoni kwa nguvu. Mchana mmoja wao akavaa koti la babu na kutembea uani huku akikohoa kama yeye na kulalamikia chai, na bibi, ambaye tangu jana yake hakuwa amefumbua mdomo, akacheka mpaka akashikiliwa.

"Akacheka kweli?"

"Akacheka. Akadai arudishiwe koti."

Nikasikia pumzi fupi upande wa pili, nusu ya kicheko. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. "Nikirudi, sitaki mnihurumie. Raha ya mchezo ni kugombana, na mimi napenda kugombana. Lakini uniulize kwanza. Uniulize mimi, usimuulize mfinyanzi."

Kanuni zangu zilikuwa zimewalinda wahusika wote wasichomwe mikuki, na hazikuwa zimemtaja hata mara moja mtu anayeishika simu.

Alirudi baada ya wiki moja, na mwanzilishi akamweka yeye na wachezaji wengine wawili kuandika kanuni upya. Mimi niliruhusiwa kutoa maoni kama mtu yeyote. Haikuwa kazi nyepesi. Mchezaji mmoja, ambaye mhusika wake ni mwindaji, alilalamika kundini kwamba kuulizana kutaua mchezo.

"Kwa hiyo nikitaka kumvizia mtu porini nimpelekee kadi ya mwaliko?"

"Ndiyo," mfinyanzi akamjibu, "na useme nivae nini."

Hata mwindaji mwenyewe alicheka. Mwishowe walikubaliana kwamba anayetaka ugomvi amwandikie mwenzake faraghani na kutaja kinachoweza kupotea; namna ya kushambulia inabaki siri yake. Emoji haihesabiki kuwa ridhaa. Kumfanya mhusika wa mtu achekwe na watu ni shambulio kama mashambulio mengine, na huombewa ruhusa vilevile. Yeyote akiandika neno "simama", kila mtu anasimama, na hakuna anayemuuliza sababu. Niliposoma ile ya kicheko nilihisi kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari lenye wino mwekundu, na nikaona kwamba msahihishaji ametenda haki.

Maziko waliyafuta, kwa ombi lake, na akapewa Jumamosi nzima ya kuyaandika upya peke yake. Tulisoma bila mtu kuweka neno. Aliandika aya kumi na moja.

Mwezi wa nane, nikiwa barazani nikipepeta mbegu, ujumbe wake wa faragha uliingia.

"Mama, mfinyanzi anataka kumshtaki mchuuzi kwa kuuza chumvi iliyochanganywa na majivu. Unakubali?"

"Amshtaki mbele ya nani?"

"Mbele ya soko zima. Nitamtukana kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tumbo, mizani yake, na namna anavyotembea. Familia yake siigusi."

"Na akishindwa?"

"Anafungiwa soko miezi mitatu."

Niliweka ungo chini. Mchuuzi bila soko si kitu. Miezi mitatu ningekuwa nikizurura pembeni ya hadithi niliyosaidia kuijenga. Kanuni mpya iliniruhusu kukataa bila kueleza, naye angeheshimu. Lakini nilikuwa nasoma maswali ya mtu aliyeamua kubaki, tena kubaki akiwa na meno.

"Nakubali," niliandika. "Kwenye tumbo usimwonee haya."

"Asante, mama. Alianzishe nani, mimi au wewe?"

"Wewe ndiye mwenye kesi."

Akaanza. Alimweka mchuuzi wangu katikati ya soko, akaielezea mizani yake kuwa imeelemea upande mmoja kwa kuona aibu ya kazi inayotumwa, na tumbo lake akalifanya litangulie kufika mahakamani ili lipate kiti. Nilijitetea kwa kila hila niliyokuwa nayo. Mwanzilishi akarusha dadu mbele ya wote: mimi nikapata mbili, yeye tano. Mchuuzi akafungasha magunia huku soko likizomea, nami nikacheka hadi jirani yangu, mama aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa ua wa minyaa, akanyanyua kichwa na kuuliza kuna nini.

Nikamwambia nimefukuzwa sokoni.