Mchuma chai wa Merigi na siku nne za bahari

Saa moja kasorobo asubuhi, na umande wa Merigi bado haujaamua kuondoka. Bilhah Nyabate amejifunga nailoni kiunoni, kikapu kiko mgongoni, vidole vinaruka juu ya michai. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Anachuma kwa kasi na uso umejaa tabasamu, lakini shamba hili si lake.

"Hii ni ya Rodah," anasema bila kuinua kichwa. "Jana nilikuwa kwa Mama Lazarus. Kesho niko kule chini kwa mto. Nawachumia sasa, ndio wanichumie mimi nikiwa bahari."

Ndiyo, bahari. Mama huyu wa miaka hamsini, ambaye maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona ni mto Nyangores ukifurika, anapanga kwenda likizo. Yeye, mumewe Kiptum, na Fancy, binti yao wa pekee. Siku nne, katikati ya Desemba.

Msomaji asicheke. Hapa Bomet Mashariki, mtu mwenye chai robo tatu ya ekari na ng'ombe mmoja wa maziwa hana likizo. Kilo ya majani humletea Bilhah shilingi ishirini na kitu, na siku njema huchuma kilo thelathini. Bonasi ya mwaka huu imelipa nauli na vyumba viwili. Basi si pesa inayomnyima usingizi, ni muda.

Fancy, mwenye miaka ishirini na minne, ni muuguzi. Amejifunza Kijerumani, amepata kazi huko Ujerumani, na ataruka tarehe tisa Januari. Mkataba ni wa miaka mitatu.

"Huyu mtoto ananijua mgongo," Bilhah anasema, na kwa mara ya kwanza vidole vinasimama. "Akiwa mdogo alikuwa ananifuata kwa chai, mimi mbele, yeye nyuma. Tukirudi, nainama kwa jiko, mgongo. Naenda kukamua, mgongo tena. Sasa anaenda, na hatujawahi kukaa chini tuangaliane tu, bila kazi kwa mkono."

Bilhah alitoka Nyamira akiwa na miaka kumi na tisa kuja kuchuma chai katika shamba moja kubwa la Kericho. Huko ndiko alikokutana na Kiptum, kijana wa Merigi aliyekuwa akipima majani. Wakaoana, wakajenga, wakapanda chai yao.

Wazo la bahari lilikuwa la Fancy. Aliona kwenye simu kisiwa chembamba cha mchanga mbele ya Ngomeni, huko Kilifi. Upande mmoja mawimbi, upande wa pili maji yametulia kama ya beseni. Wakati wa Pasaka familia ilikaa mezani, ikatazama kalenda ya chai iliyo ukutani, ikachagua Julai.

Kila mtu wa chai angechagua hivyo. Julai kuna baridi, michai inalala, na mtu aweza kukaa wiki mbili kabla ya kurudi kuchuma. Kiptum akampigia simu mwenye nyumba ya wageni kule Ngomeni, kifua mbele.

"Akaniambia, 'Mzee wangu, mwezi wa saba bahari haichezewi. Hata sisi wenyewe hatuvuki kwenda kisiwani. Njooni Desemba,'" Kiptum anasimulia huku akijipiga paja. "Wueh! Sisi tulijua kila kitu inalala Julai. Kumbe chai ikilala, bahari ndiyo inaamka!"

Lakini Desemba mvua ikiwa nzuri, chai hapa huchipuka kama imetumwa. Usipochuma kila baada ya siku nane, majani hukomaa, na karani wa kituo cha kununulia chai huyarudisha bila kupepesa macho. Hapo ndipo Bilhah alipowaeleza majirani desturi ya kwao Nyamira anayoiita risaga, ya watu kukusanyika kulimiana kwa zamu. Wanawake sita wakakubali. Yeye atangulie kumchumia kila mmoja, nao wote washuke kwake siku moja akiwa hayupo.

Chai ikapata mwenyewe. Akabaki Chelel.

Chelel ni ng'ombe mweupe, mkaidi, asiyekubali mkono mwingine isipokuwa wa Bilhah. Tena hasikii Kikipsigis wala Kiswahili. Tangu azaliwe amesemeshwa Kigusii cha Bilhah peke yake.

Miaka tisa iliyopita Bilhah alikwenda kumzika mama yake akalala huko siku tatu. Mama yake Chelel alikataa kukamuliwa na Kiptum. "Nilirudi nikapata titi moja imekufa," anasema polepole. "Nilikuwa nimelia matanga, nikaanza kulia tena kwa boma. Tangu hiyo siku sijalala nje." Na mwishoni mwa Oktoba alikuwa karibu kumwambia Fancy waende na baba yake, yeye abaki.

Rodah Chepyegon, jirani yake, ndiye aliyekataa kusikia neno hilo. "Nilimwambia, Mama Fancy, wewe nipatie hiyo sweta yako ya kijani," anasema Rodah. "Ile ya kukamua. Na isifuliwe!"

Kwa wiki tatu sasa, kila jioni, Rodah huvaa sweta ya Bilhah na kitambaa chake cha kichwa, huketi kwenye kigoda chake, na kuimba wimbo wa Kigusii ambao Bilhah hukamua akiuimba. Maneno yanamtoka kwa lafudhi ya Kikipsigis hadi Kiptum anakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Wiki ya kwanza Chelel alipiga ndoo teke mara tatu. Wiki ya pili alisimama, lakini maziwa akayabana.

Jumanne jioni mwandishi huyu amejificha nyuma ya majani marefu ya nepia pamoja na Bilhah, kwa sababu ng'ombe akimwona tu mchezo umeisha. Rodah anaimba. Ndoo haipati hata tone. Anaimba ubeti wa pili. Kisha sauti inasikika, nyembamba, maziwa yakigonga ndoo tupu, halafu nzito, halafu nzito zaidi.

Bilhah anashika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Kumbe naweza kutoka," ananong'ona. "Kumbe hii boma haitaanguka." Halafu, macho kwa Chelel, "Lakini na yeye, ameniacha haraka hivyo?"

Fancy anatoka ndani ameshika mkoba ulio wazi. Ameanza kupanga nguo za mama yake mwezi mzima kabla ya safari, kama wanavyofanya watu wanaohesabu siku.

"Mama, sweta yako iko wapi? Ile ya kijani."

Bilhah anaelekeza kidole kibandani, kwa Rodah. Fancy anaangalia, anaelewa, anaanza kucheka. Katika Merigi hii hakuna mtu mzima anayetoka nje ya lango bila sweta.

"Sasa utaenda na nini?"

"Si ulisema huko hakuna baridi?" Bilhah anamgeukia binti yake, anamshika mashavu kwa viganja vyeusi vya utomvu wa chai, anamtazama usoni bila haraka. "Ng'ombe ibaki na sweta. Mimi nibaki na mtoto wangu, siku nne."