Mwani Ndani ya Samli

Pale Nyakahura hakuna aliyemshinda Nshoma kwa kusukasuka maziwa. Alitoka Shinyanga akiwa bibi harusi, nyuma ya ng'ombe wa mumewe Kazimili, na tangu hapo kibuyu chake hakikukauka. Mtoto akikohoa, Nshoma alimlambisha dawa kwa samli. Mwanamke akijifungua, dawa kwa samli. Samli yake ilisifiwa mpaka sokoni, naye sifa alizipenda, tusimfichie.

Mwaka jana Kazimili alianza kubanwa na kifua. Daktari akasema mishipa ya moyo imeziba kwa lehemu, yale mafuta yanayoganda ndani. Akampa vidonge, akamkataza vyakula vya mafuta. Kazimili alifika nyumbani na vidonge tu. Katazo aliliacha njiani, mkewe hakuambiwa.

Binti yao Recho, mwalimu huko Pemba, alikuwa amesoma kwamba wataalamu wanauchunguza mwani, majani ya baharini, waone kama vilivyomo vinaweza kupunguza lehemu. Uhakika ulikuwa bado. Lakini baba ni baba. Akatuma kopo la unga wa mwani, akampigia mama yake simu. "Mayu, kijiko kimoja kila asubuhi. Na vidonge asiache."

Miezi saba Nshoma hakuruka hata siku moja. Kazimili akaanguka Jumanne akifungua zizi, hakuinuka tena.

Baada ya mazishi Recho alilikuta kopo jikoni, limebaki robo. Kando yake palikuwa na chupa ya samli, na kijiko chenye mabaki ya unga wa kijani.

"Mayu, ulikuwa unampa na nini?"

"Na samli, mwanangu. Dawa itashukaje bila samli? Nilimchotea ile nzuri, ya ng'ombe wake mwenyewe."

Recho aliikumbuka ile simu yake. Alitaja kijiko, alitaja asubuhi, maji hakuyataja. Yeye aliyelelewa kwa samli hiyo hiyo, alisahau vipi?

Nshoma alikuwa akimtazama. "Au nilimpunja? Usinifiche."

"Hukumpunja, mayu. Ulimpa vizuri." Alisema hivyo kwa huruma.

Nshoma akashusha pumzi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akalivuta kopo. "Basi hii iliyobaki nitaimalizia mimi. Siku hizi na changu kifua kinabana."

Akachota samli, kijiko kikajaa. Recho akaushika ule mkono, na ikambidi aseme ukweli wa samli.