Jumapili ya Kulisha Vimelea

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nusura ivunje ndoa yangu. Mume wangu Wafula alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha Wahindi huko Jinja, nami nilifanya kazi maabara hapa Mbale. Yeye alikuwa akirudi Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi, hata hatujamaliza kusalimiana vizuri, mimi nimeshika mkoba. Akiniuliza naenda wapi, nilimjibu kwa mzaha kwamba naenda kulisha watoto wangu.

Mzaha ule ulimchoma. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Wafula alikonda kweli. Alikuwa amesikia kwamba nafanya kazi na kijana mmoja, Opio. Akaanza kunusa nguo zangu, kisha akanyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumapili hiyo alisimama mlangoni akasema sitoki.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Nakaloke, hakumkemea mwanawe. Alinikemea mimi.

"Binti, unamficha nini? Kama ni kazi, nenda naye akaione."

Tukaenda. Opio akampa koti jeupe, akampisha kwenye darubini. Nikamweleza kwamba vile ni vimelea vya malaria, tunavikuza ili tujue dawa ipi bado inaviua. Navyo havivumilii njaa: kila siku vinataka maji mapya yenye sukari, chumvi na virutubisho vingine, pamoja na seramu, yale majimaji ya damu ya binadamu, na chembe nyekundu za damu zikichakaa, vinataka nyingine za kuingia. Hata hewa vinachagua. Oksijeni ikizidi vinadhoofika, ndiyo maana tuliwasha mshumaa ndani ya chombo na kukifunga, moto uipunguze.

Wafula alitazama muda mrefu. Nilidhani atacheka.

"Vidudu hivi unajua kila vinachotaka," akasema polepole. "Mimi je, unajua nataka nini?"

Opio akatoka nje taratibu.

Baadaye nilipatana na Opio tupokezane Jumapili. Ilipokuwa zamu yangu, Wafula alinisindikiza. Tumezeeka pamoja; wivu bado anao, ila sasa anausema.

Mwanangu, unaolewa karibuni. Mwenye wivu usimfanyie mzaha, mwonyeshe. Na akikuuliza unaenda wapi, usidhani anataka kujua njia tu. Huenda anauliza kama bado ana nafasi kwako. Mungu akupe mume asiyeogopa kuuliza, akupe na wewe moyo wa kumjibu, na watoto wenu malaria iwapite mbali.