Shati la Njano Nyuma ya Pipa

Mpaka leo, mikutanoni nachagua kiti nyuma ya nguzo. Wenzangu hudhani ni unyenyekevu. Ni kombolela tu.

Mchezo huo tuliucheza Chang'ombe, uani kwa jirani, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mitaani. Mmoja anahesabu wengine wakijificha, kisha analinda kopo. Akikuona, analikanyaga na kutaja jina lako, umekamatwa. Ukiwahi kulipiga teke, mateka wote wanakombolewa. Akitaja jina lisilo lako, wanakombolewa vilevile, na yeye anarudia kuhesabu. Ndiyo maana tulibadilishana mashati. Kila shati la mtumba lilikuwa la aina yake mtaa mzima, likijulikana kuliko sura ya mwenyewe.

Jioni moja mlinzi, mkubwa kuliko sote, alinipa sharti: "Dogo, nikikukamata, kesho unarudi kucheza na vitoto vinavyopikia kwenye vifuu."

Nilijibanza nyuma ya pipa la maji nikiwa na shati la njano la rafiki yangu, mtoto wa nyumba hiyo. Yeye, akiwa amevaa langu, alilala juu ya banda la kuku. Wengine wote walishakamatwa, wamepangwa ukutani. Nilichungulia chini kabisa, karibu na mchanga, kwa sababu anayetafuta hutazama usawa wa macho yake. Niliona kandambili zake. Zilisogea, zikageuka, zikasimama.

"Nakuona!"

Uongo. Nilijua ni uongo, sikutoka.

"Usitoke, anakutega!" mateka wakapiga kelele.

"Nyie kimya! Mateka gani mnaropoka?"

Kandambili zikaja upande wangu. Nikarudi kinyumenyume, mgongo ukatokeza upande wa pili wa pipa, kwenye mlango wa jiko. Mama wa rafiki yangu alikuwa anatoka na ndoo. Akaona njano.

"Wee!" Akamwita mwanawe kwa jina lake, akaongeza na la baba yake. "Magharibi hiyo, hujaoga! Toka hapo!"

Mlinzi hakungoja kuona uso. Alikimbia, akakanyaga kopo, akalitangaza jina lile mtaa mzima.

Nikasimama.

"Kakosea! Hesabu tena!" Mateka wakatawanyika wakicheka. Mama akanitazama, akalitazama shati.

"Na wangu yuko wapi?"

Bandani kuku walilalamika.

"Umeokolewa na mama wa watu, dogo," mlinzi alisema.

"Ila hukunikamata."

Akageukia ukuta, akafunika uso kwa mikono.

"Kajifiche," alisema.