Tuta la Mwai

Waithira wa Endarasha si mtu wa maneno mengi, na tangu amzike mumewe, Mwai, hata yale machache ameyapunguza. Lakini wanawake wa ngwatio yao, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, walipotaka mtu wa kuwajaribia aina mbili za stroberi, hawakubishana. Walimpa yeye, kwa kuwa hana upendeleo.

Aina ya kwanza ilikuwa ya Mwai. Aliileta zamani kutoka Timau alikofanya kibarua, miche imefungwa kwa gazeti lililoloweshwa, akaizalisha na kuigawa mpaka kila boma likawa nayo. Tunda lake ni dogo, jekundu hadi ndani, tamu ajabu, ila laini mno. Aina ya pili ilikuwa mpya: matunda makubwa, magumu kidogo, yasiyo na utamu wa kujivunia. Zeynab, mfanyabiashara wa Nanyuki, alikuwa ameahidi kununua mavuno yao yote, mradi wapande aina moja na matunda yamfikie yakiwa mazima. Aina ambayo ingeshindwa ingeng'olewa katika mashamba yote, kwani maji ya huku kwao Kieni hayatoshi kulisha mbili.

Basi Waithira akatengeneza matuta mawili, bega kwa bega, udongo ule ule, nyasi kavu zile zile juu yake. Kila alipochuma alipima, akatenga yaliyopondeka, mengine akayalaza ndani ya kreti aone yatakavyostahimili. Hakuficha kitu. Ila moyoni alimwomba Mungu tuta la Mwai lishinde, maana marehemu alikuwa amepanda nini kingine ambacho bado kinazaa?

Na kwa uzito likaongoza. Matunda yake yalizidi kupondeka kwenye kreti, lakini wanawake walisema hilo ni jambo la kubeba kwa uangalifu tu.

Asubuhi moja Waithira alimkuta jirani yake Watiri akilimwagia tuta la Mwai debe zima la maji. Akamuuliza lile jingine limekosa nini. Watiri akatazama chini, akamwita Waithira kwa jina la mwanawe.

"Mama Mutahi, huyo mzee alinipatia miche bure wakati sikuwa na kitu. Siwezi pita hapa hivi hivi."

Ikajulikana kwamba Tabby, mwenzao wa ngwatio, naye amekuwa akileta mbolea ya sungura, na yote inaishia tuta hilo hilo. Waithira angewakaripia vipi? Yeye mwenyewe alikuwa akilipalilia hilo kwanza, mkono ungali na nguvu, na lile jipya akilimalizia jua likiwa la utosi. Hakuwa amelitambua hilo hadi siku ile. Akaketi kwenye ukingo wa tuta, na aibu ikamshika kwelikweli.

Siku ya kutoa jibu wanawake walikuja wakiwa wameshaamua kufurahi. Waithira akasimama mbele ya kreti zake.

"Hii ya Mwai imeshinda, juu tumeihurumia," alisema. "Hiyo ingine tuliiacha kama yatima, na bado ilikuwa karibu kuifikia. Na hii haiwezi fika Nanyuki ikiwa nzima. Tupande hiyo mpya."

Watiri akaomba wajaribu tena msimu ujao, safari hii kwa haki.

"Tutaihurumia tena," Waithira akasema, akachukua jembe.

Alianza kung'oa peke yake, akakataa kusaidiwa. Alipofika katikati ya tuta alisimama, akabaki ameegemea mpini, machozi yakimtoka. Wanawake wakaingia bila kuitwa, kila mmoja na upande wake, kama walivyokuja kulima mahindi yake wiki ile ya mazishi. Wakang'oa mpaka ukabaki udongo mtupu.

Matunda ya mwisho yalikuwa kwenye kikapu. Waithira akawagawia, wakayala wakiwa wamesimama pale pale shambani. Yalikuwa matamu kuliko chochote watakachompelekea Zeynab, na hakuna aliyethubutu kulisema.