Kidevu Juu ya Redio

Wenzake kazini walimwita Mama Mifupa, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake pale chuoni ilikuwa kusafisha mifupa ya wanyama na kuiunga kwa waya, wanafunzi waone ilivyokaa. Taya ndilo lililomtoa jasho. La mbwa unalipachika moja kwa moja kwenye fuvu, karibu na sikio, basi. La samaki wengi huning'inia kwenye mfupa mwingine. La nyoka nalo ni sarakasi tupu: limeshikiliwa na mfupa uliolegea kila upande, ndiyo maana humeza windo nene kuliko kichwa chake.

Nyumbani ndiko mambo yalikogoma kuungika. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa amemsusa, au ndivyo alivyoamini. Akimwuliza jambo, kimya. Akimwita, anaoneshwa mgongo.

"Nimechoka kuongea na ukuta," alimwambia dada yake kwenye simu. "Jumamosi nahamia kwako."

"Njoo, mdogo wangu. Chumba kipo."

Ijumaa alikuwa akiunga taya la chatu. Mwanafunzi mmoja akauliza nyoka husikiaje, na matundu ya masikio hana.

"Kwa taya," alimjibu. "Huu mfupa unaolibeba umeshikana na kamfupa ka sikio. Akilaza kidevu chini, mtetemo wa ardhi unapanda mpaka ndani." Alisema hivyo kwa mazoea tu. Mawazo yake yalikuwa kwenye begi lililofungwa tayari.

Jioni alimkuta mumewe mezani, kidevu amekibandika juu ya redio iliyokuwa ikipiga kelele. Alishamwona hivyo mara nyingi, akamwita mvivu. Leo alisimama mlangoni.

"Baba watoto."

Hakugeuka. Akaita tena, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hakugeuka. Aibu ikamshika, na huruma kwa mumewe.

Alizima redio. Mzee akashtuka, akainua macho. Mkewe akainama, akaegemeza taya lake kwenye taya la mumewe, mfupa kwa mfupa.

"Tangu lini husikii?"

"Muda sasa. Niliona haya. Nikaona afadhali unione nina kiburi. Begi nimeliona tangu juzi. Ila sikusikia unakwenda wapi."

Mama Mifupa hakuliondoa taya lake pale lilipokuwa.

"Siendi," alisema polepole, ili neno lipite mfupani.